Picha Kwenye Vitabu vya Michezo ya Mashujaa: Dhana Potofu na Ukweli

Michezo ya mashujaa wenye nguvu za ajabu huchezwa mezani kwa karatasi, dadu na mdomo. Mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mtu anaigiza shujaa aliyemtunga mwenyewe. Vitabu vyake vya kanuni hujaa michoro, na hapo ndipo ubishi huanza.

Dhana: Picha ni pambo, kanuni zinatosha.

Chukua Champions, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1981. Nguvu za shujaa hununuliwa kwa pointi: shambulio la kurusha nishati ni pointi 5 kwa kila dadu ya kupima madhara, kwa hiyo dadu 12 zinakula pointi 60. Sasa nishati hiyo ni kitu gani? Moto? Barafu? Mwanga? Kanuni zinakuachia uamue mwenyewe, tena kwa makusudi. Mashujaa wawili wanaweza kulingana namba zote, mmoja akawa mwali na mwenzake theluji. Jedwali la namba haliwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Mchoro wa pembeni unaionyesha kwa kutupia jicho tu. Wanaosema picha ni pambo, mara nyingi wamesoma vibonzo tangu utotoni. Picha wanazo kichwani tayari, wanasahau kwamba mgeni hana.

Dhana: Mchezo ni wa kuwazia, picha hufunga mawazo.

Joka halihitaji maelezo, kila mtu ana lake. Lakini adui mpya mwenye kofia ya shaba na joho lililochanika hajulikani na yeyote. Mwongoza mchezo atamweleza weee, halafu mtu aulize, "Kwani ana mabawa au hana?" Kuinua kitabu kunamaliza kazi. (Unakiinua huku umefunika namba kwa kiganja, maana picha ya adui na siri zake mara nyingi hukaa ukurasa mmoja. Mpangilio huo sijawahi kuuelewa.)

Dhana: Bila rangi na mchoraji maarufu, kitabu hakina mvuto.

Villains and Vigilantes ya mwaka 1979, mchezo mwingine wa mashujaa, ilitungwa na Jeff Dee na Jack Herman wakiwa bado vijana, na Dee huyohuyo ndiye aliyeichorea. Wino mweusi, mkono mmoja. Ukifungua popote unajua uko kwenye ulimwengu uleule. Champions nayo, toleo la nne la mwaka 1989, ilipata jalada la George Pérez, bingwa wa kuchora umati wa mashujaa bila hata mmoja kumezwa na wenzake. Jalada hilo linavuta, sibishi. Ila jalada huuza kitabu mara moja tu, michoro ya ndani inarudiwa kila mnapokaa kucheza.

Dhana: Ukipata leseni ya Marvel, wachapishaji wa vibonzo vya Spider-Man, suala la picha limekwisha.

Nusu yake ni kweli. Kampuni ya TSR ilipotoa mchezo wa mashujaa wa Marvel mwaka 1984, ndani ya boksi mlikuwa na vikaragosi vya kadibodi vya kusimamisha juu ya ramani, picha ikageuka kifaa cha kuchezea. Lakini picha ya Spider-Man inakufundisha kumcheza Spider-Man. Anayetaka kutunga wake anahitaji kuona sura asizozijua, mavazi ya ajabu, miili ya kila namna. Ndiyo maana baadhi ya michezo huacha nafasi tupu kwenye karatasi ya mhusika umchore mwenyewe, hata akitoka na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine.