Nani Mwenye Kauli Juu ya Stoo? Kuunganisha Mfumo wa Biashara na Duka la Mtandaoni

Mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya alizeti hapa Dodoma, mwenye stoo karibu na soko la Majengo, aliniita mchana mmoja akiwa amechoka na hesabu zake. Duka lake la mtandaoni, lililojengwa kwa WooCommerce (programu ya kutengenezea maduka ya mtandaoni), lilionyesha madumu 33 ya lita 20. Odoo, ambayo ndiyo mfumo wake wa kuendeshea biashara, ilionyesha 31. Na kijana wa stoo aliyehesabu kwa mkono alipata 28. "Mtaalamu," akaniambia, "naomba tu hivi viwili viongee." Nilimjibu kwamba vinaongea tayari, tena kupita kiasi, ila hakuna aliyeamua kipi kikisikilize kingine.

Fundi aliyenitangulia aliviunganisha pande zote mbili: kila nusu saa Odoo iliandika idadi yake dukani, na duka nalo likaandika idadi yake kwenye Odoo. Dumu likiuzwa kaunta, Odoo ilipunguza moja; lakini zamu ya duka ikifika kabla ya ya Odoo, idadi ya zamani ilirudishwa kana kwamba hakuna kilichouzwa.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijaandika mstari wowote wa programu, namkalisha mwenye duka na mhasibu wake tukubaliane kwamba kila taarifa ina mwenyewe mmoja tu. Idadi na bei ni mali ya Odoo, na duka huzipokea bila kuzirekebisha; oda na anwani ya mteja ni mali ya duka, na Odoo huzipokea vivyo hivyo. Picha na maelezo ya bidhaa sijawahi kuyagombania.

Kinachofuata ni vipimo. Duka liliuza katoni ya chupa 12 za lita moja, wakati Odoo ilihesabu chupa mojamoja, na kwa kuwa bidhaa hizo mbili zilipewa msimbo mmoja, katoni iliyouzwa ilipunguza chupa moja tu.

Namna oda zinavyosafiri inahitaji uangalifu zaidi. WooCommerce inaweza kusukuma taarifa papo hapo oda inapoingia, lakini ikishindwa kuifikisha mara tano mfululizo, huzima yenyewe utaratibu huo. Na kama seva yako, yaani mashine inayoendesha Odoo na kupokea taarifa hizo, ni kompyuta iliyoko chumba cha nyuma, kukatika kwa umeme mchana mmoja kunatosha. Ndiyo maana huweka pia kazi ya usiku inayovuta oda zote zilizobadilika tangu mara ya mwisho. Hapo nami niliwahi kuteleza: API ya WooCommerce (mlango ambao programu nyingine huombea taarifa zake), usipoiambia vinginevyo, hutoa oda 10 kwa ukurasa (mwisho ni 100), nami nilisoma ukurasa wa kwanza tu. Siku za kawaida oda za mteja niliyemfanyia kazi hiyo hazikufika kumi, hivyo kosa lilijificha hadi msimu wa Nane Nane.

Kwa kuwa oda ileile sasa inaweza kufika kwa njia mbili, ni lazima Odoo itafute namba ya oda ya duka kabla ya kuandika mpya, la sivyo ankara zitakuwa mbili na, mhasibu asipokuwa macho, risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) nazo mbili, jambo ambalo si rahisi kulieleza mbele ya afisa wa TRA, mamlaka ya mapato. Saa nazo zina mtego. Odoo hutunza muda wa UTC, saa ya rejea ya kimataifa, ambao uko nyuma ya wetu kwa saa tatu. Ukiipelekea saa za Dodoma bila kuzigeuza, oda ya saa nne usiku tarehe 31 itaonekana ya saa saba usiku tarehe mosi, na mauzo yatahamia mwezi mwingine.

Jumapili iliyofuata tulifunga duka la mtandaoni, kijana akahesabu madumu kwa sauti nami nikaandika 28 kwenye Odoo. Tulipopitia risiti za kaunta, madumu mawili kati ya matatu yaliyopungua tuliyaona: mauzo yake yalifutwa na ule muunganiko wa pande mbili. La tatu, kijana alikiri, liliuzwa mlangoni kwa fedha taslimu na halikuingizwa popote.