Bamvua na maji mafu: swali la kuuliza kabla ya kulipia hoteli ya ufukweni

Bamvua ni siku zile za mwezi ambapo bahari hujaa kuliko kawaida na kupwa kuliko kawaida. Maji mafu ni kinyume chake: bahari hupanda kidogo, hushuka kidogo, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Hali hizi mbili hupokezana kila baada ya wiki moja hivi, mwaka mzima. Mtu wa pwani huzijua tangu utotoni kwa sababu riziki yake inazifuata. Sisi wa Dodoma tunaishi bila kuzihitaji, mpaka siku tunapotaka kulipia hoteli ya kifahari Zanzibar kwa ajili ya fungate au mapumziko ya familia. Siku hiyo zinagusa mfuko moja kwa moja, na ndiyo maana kila ndugu anayeniuliza hoteli ipi ni nzuri huwa namrudishia swali: unakwenda tarehe ngapi, na mwezi utakuwa umefikia wapi?

Maji tunayoyajua huku kwetu hupanda na kushuka kwa msimu. Bwawa la Mtera hujaa mvua zikinyesha vizuri na hupungua kiangazi kikishika, na mabadiliko hayo huchukua miezi. Bahari ya Hindi hufanya kazi hiyo mara mbili kwa siku. Tangu maji yajae mpaka yapwe ni muda wa saa sita na dakika chache, kisha safari ya kurudi huanza. Kujaa mara mbili na kupwa mara mbili huchukua saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku maji hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Ukiambiwa leo yamejaa saa 4 asubuhi, kesho yategemee karibu saa 5, na keshokutwa karibu saa 6 mchana.

Kinachoyavuta maji hayo ni mwezi, na jua husaidia. Nguvu ya jua katika kazi hii ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi, kwa sababu ingawa jua ni kubwa mno, liko mbali mno pia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, mivuto miwili ikaungana: hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, yaani kati ya kuandama na kupevuka, au kati ya kupevuka na kufifia, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, maji yakabaki yamepoa: hayo ndiyo maji mafu. Bahari huitikia kwa kuchelewa kidogo, hivyo kilele cha bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Unguja, katika bamvua kubwa, tofauti ya kimo kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hufika kama mita 4. Katika maji mafu inaweza kuwa mita 1 tu. Mabamvua makubwa kuliko yote huwa karibu na mwezi Machi na Septemba.

Mita 4 kwenda juu zinaweza zisikutishe. Tatizo ni mita zinazokwenda mlalo, na hizo hutegemea mteremko wa ufukwe. Pale ambapo ardhi hushuka mita 1 kwa kila hatua za mita 10, bahari ikishuka mita 4 itakuwa imesogea mita 40, umbali wa kutembea dakika moja ukiwa na taulo begani. Pale ambapo ardhi hushuka mita 1 kwa kila mita 100, bahari hiyo hiyo imekwenda mita 400. Na zipo pwani zilizo tambarare kuliko hapo.

Pwani ya mashariki ya Unguja ndivyo ilivyo. Kuanzia Jambiani, Paje na Bwejuu kule kusini, mpaka Kiwengwa, Pwani Mchangani na Matemwe upande wa kaskazini mashariki, kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufukwe kwa mbali, mawimbi yanavunjikia huko, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi. Yakijaa, sidhani kama kuna rangi nzuri kuliko ile katika nchi yetu yote. Yakipwa siku za bamvua, sehemu kubwa hubaki mchanga, nyasi za baharini na vidimbwi, na ili ufikie kina cha kuogelea utatembea sana, pengine kilometa nzima, ukiangalia unapokanyaga kwa sababu kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayotoboa mguu na kukatikia ndani. Viatu vya mpira vya baharini si anasa huko.

Kaskazini kabisa, Nungwi na hasa Kendwa, hali ni nyingine. Ufukwe unashuka haraka na hakuna uwanja ule mpana wa maji mafupi, kwa hiyo mtu anaogelea karibu saa zote, maji yamejaa au yamepwa. Hii ndiyo sababu mojawapo ya hoteli za huko kuwa ghali na ufukwe wake kuwa na watu wengi. Bara nako pwani hazifanani. Bagamoyo, kwa mfano, maji yakipwa hukimbia mbali.

Sasa turudi kwenye saa, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. Siku za bamvua, upande wetu huu wa bahari, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mpangilio huo haubadiliki sana bamvua hadi bamvua, kwa kuwa unafuata mwezi ule ule. Fikiria basi maharusi wanaotoka Dodoma na treni ya asubuhi, wanashuka Dar es Salaam, wanapanda boti ya Unguja, wanafika Paje jioni. Bahari imejaa mpaka kwenye minazi, kama ilivyokuwa kwenye picha. Wanalala na furaha. Kesho yake wanamaliza chai, wanavaa nguo za kuogelea, wanatoka, na bahari haipo. Hakuna aliyewadanganya. Picha ile ilipigwa kweli mahali pale, ila ilipigwa maji yakiwa yamejaa, na hoteli gani duniani itajipiga picha saa isiyo yake?

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa karibu saa 4 asubuhi, hupwa karibu saa 10 jioni, na kwa kuwa tofauti ni ndogo, hata yanapopwa hayaendi mbali kama siku za bamvua. Kwa mtu anayetaka kuogelea baada ya kifungua kinywa kwenye pwani ya mashariki, wiki ya maji mafu inamfaa zaidi, na chumba kinaweza kuwa na bei ile ile ya wiki ya bamvua.

Kuna jambo ambalo wasafiri wa huku bara hawalitazami, nami naliona la maana sana: sikukuu zetu nyingi zenyewe zinafuata mwezi. Idi el Fitri ni tarehe mosi Shawwal, mwezi umeandama jana yake. Kwa hiyo mapumziko ya Idi hiyo ni bamvua, kila mwaka, bila kukosa. Pasaka nayo huhesabiwa kwa mwezi mpevu wa majira ya Machi na Aprili, na Ijumaa Kuu huangukia karibu na mpevu huo au siku chache baada yake, ndiyo maana mara nyingi Pasaka hukuta bamvua, tena lile kubwa la karibu na Machi, na wakati huo masika yanaweza kuwa yameshaanza Unguja. Idi el Haji, ambayo ni tarehe kumi Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, huja maji yakiwa yanatoka kwenye maji mafu kuelekea bamvua, kwa hiyo ni nafuu. Krismasi haina uhusiano na mwezi, kila mwaka utalazimika kutazama upya.

Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, hesabu ni nyepesi: tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za kati, 14 mpaka 17 hivi, ni bamvua, tarehe 8 mpaka 10, na 22 mpaka 24, ni maji mafu. Anayetaka dakika kamili atafute jedwali la kujaa na kupwa la Zanzibar kwenye intaneti, lipo kwa kila siku ya mwaka. Hoteli nyingi hubandika karatasi ya saa hizo mapokezi, ila kuisoma ukiwa umeshafika na umeshalipa ni kuchelewa.

Nisieleweke kwamba bamvua ni baya. Watu wa pwani husema hakuna bamvua lisilo usubi, kama vile sisi tunavyosema hakuna masika yasiyo mbu: neema huja na kero zake, na wao wanaliita neema. Maji yakipwa sana ndipo kina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanapoingia kwenye mashamba yao ya mwani, kufunga mbegu kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi, kilimo kilichoanza huko kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndipo watu wanapotembea juu ya mwamba kutafuta pweza. Mgeni mwenye adabu, asiyekanyaga kamba za watu wala kuwapiga picha bila kuwaomba, anaweza kutembea asubuhi nzima kwenye sakafu ya bahari. Mgahawa wa The Rock kule Michamvi Pingwe, uliojengwa juu ya jiwe baharini, maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Anayependa haya aende mashariki, tena wiki ya bamvua, na hatajuta. Lakini aende akijua.

Hoteli za kifahari zinalijua tatizo hili na zimelijibu kwa njia mbili. Baadhi, hasa upande wa Kiwengwa, zimejenga gati refu la mbao linalopita juu ya maji mafupi hadi kwenye kina, mgeni anatembea juu yake na kushuka kwa ngazi. Nyingine zimejenga mabwawa makubwa ya kuogelea yanayotazama bahari. Gati ni jibu la kweli kwa anayetaka kuogelea baharini. Bwawa ni starehe nzuri, ila kama siku yako yote itaishia bwawani, mabwawa tunayo hata Dodoma, na fedha ya nauli ungeitumia kwa jambo lingine. Nyota za hoteli hazitakusaidia hapa. Nyota hupima chumba, chakula, huduma na usalama. Hoteli ya nyota tano inaweza kukaa kwenye ufukwe unaokauka na nyumba ya wageni ya kawaida ikakaa Kendwa penye maji saa zote.

Upepo nao uuzingatie kidogo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kwa nguvu zaidi Juni mpaka Septemba, hupiga pwani ya mashariki na kuleta nyasi za baharini ufukweni. Wanaocheza na tiara majini Paje huufurahia, mwenye mtoto mdogo hataufurahia sana. Kaskazi huja Desemba mpaka Februari au Machi kutoka kaskazini mashariki. Kendwa, kwa kuwa inatazama magharibi, hukingwa kiasi na zote mbili. Aprili na Mei hoteli nyingi hushusha bei na nyingine hufunga kabisa kwa ajili ya masika.

Unapoandikia hoteli, kwa WhatsApp au kwa barua pepe, taja tarehe zako na uulize mambo haya kwa lugha ya wazi: siku hizo maji yatajaa na kupwa saa ngapi, yakipwa, natembea dakika ngapi mpaka maji yafike kifuani, kuna gati au hakuna, chini ni mchanga au mwamba. Omba wakupigie picha ya ufukwe leo maji yakiwa yamepwa, si ile ya kwenye tangazo. Hapo hapo waulize bei ya wakazi, kwa sababu hoteli nyingi wanayo kwa Watanzania na si wote wanaoitaja wenyewe, na uulize bei hiyo ni ya kifungua kinywa tu, au pamoja na chakula cha jioni, au ni ya kila kitu na vinywaji ndani. Hoteli inayojua kazi yake itakujibu kwa saa na kwa mita. Ukijibiwa kwamba ufukwe wao ni mzuri wakati wote, tafuta namba ya hoteli nyingine katika kijiji hicho hicho uwaulize swali lile lile.