Kujua VVU ni Jambo Moja, Kupima na Kuishi na Wenzako ni Jingine

Kampeni ya vijana kupima VVU inaendelea, na sanduku la maswali lililo nje ya chumba cha ushauri nasaha linajaa. Vikaratasi havina majina, kwa hiyo vijana huandika yaliyo moyoni. "Mbu akimuuma mwenye virusi kisha akaniuma mimi?" "Mbona yeye ni mnene, na wanasema ana virusi?" "Nikikutwa navyo mtamwambia mama?"

La mbu tumelijibu miaka nenda miaka rudi: virusi havizaliani ndani ya mbu, wala mbu hamwingizii mtu damu aliyonyonya kwa mwingine. La unene ndilo zito. Kijana anazitaja njia zote za maambukizi bila kukosea, halafu anamwamini mwenzi kwa kumtazama tu. VVU hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Macho hayapimi virusi, jamani!

Utaratibu wenyewe ni huu. Unazungumza na mshauri faraghani, kisha unatoa ridhaa. Umri wa kuridhia bila mzazi hutegemea sheria ya nchi, hivyo ulizia kituoni kabla ya siku ya kupima. Unatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na majibu husomwa kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kipimo cha kwanza kikionyesha maambukizi, hilo si jibu la mwisho. Lazima lithibitishwe kwa kipimo kingine. Kikionyesha huna, na ulijiweka hatarini hivi karibuni, utapangiwa kurudi, kwa sababu vipimo vya haraka vinaweza kuchukua hadi siku 90 kugundua maambukizi. Majibu ni siri yako. Mhudumu akiyatoa ovyo, andika malalamiko kwa mkuu wa kituo, taja tarehe na aliyehusika. Hilo ni kosa la kinidhamu, na katika nchi nyingi ni la kisheria pia.

Aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu, asisubiri kampeni. Dawa za kinga, PEP, huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Anayekaa na aibu yake wiki nzima hufika wakati PEP haitamsaidia tena.

Kinachoniumiza zaidi ni mtoto aliyezaliwa na VVU, sasa yuko bwenini. Anaficha vidonge kwenye soksi, anangoja wenzake walale ndipo ameze. Wakikesha wanapiga soga, dozi inapita. Na wenzake hao ndio wanaopata alama zote kwenye maswali ya UKIMWI! Kula naye sahani moja au kulala naye chumba kimoja hakuambukizi. Tena anayemeza ARV, dawa za kufubaza virusi, ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye vipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi kwa ngono.

Walezi wa mabweni, mpeni mtoto huyo mahali pa faragha pa kuweka na kumezea dawa, na msimuulizie habari zake mbele ya wenzake. Akiomba ruhusa ya kwenda kliniki, kwenye daftari andikeni "matibabu", basi.