Unywele mmoja hautoshi kumtaja mhalifu

Vijiweni Dar es Salaam, habari ya mauaji inaposimuliwa, hakosi mtu wa kudai kwamba unywele mmoja ukiokotwa mahali pa tukio unatosha kumtaja mhalifu. Dai hilo si sahihi. Unywele uliodondoka wenyewe, tofauti na ule ulionyofolewa pamoja na mzizi wake, kwa kawaida huwa na vinasaba vichache mno vya kiini cha seli, ambavyo ndivyo humtofautisha mtu mmoja na mwingine. Kinachopatikana humo kwa urahisi zaidi ni vinasaba vya mitokondria (sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati), ambavyo mtu hurithi kwa mama, hivyo yeye, ndugu zake wa tumbo moja na hata mama yao mdogo kwa kawaida huwa navyo sawa.

Kulinganisha nywele kwa kuzitazama kwenye hadubini ni njia dhaifu zaidi. Mwaka 2015, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikiri kwamba wataalamu wake wa nywele walitoa kauli zenye makosa katika angalau asilimia 90 ya kumbukumbu za mashauri zilizopitiwa. Hata hivyo, hadubini hutenganisha vizuri rasta za plastiki zinazosukwa saluni za Kariakoo na nywele za binadamu, na hilo si jambo dogo.

Tena, hata mwenyewe akijulikana, unywele ulionasa kwenye kiti cha daladala huweza kuhamia shati la abiria anayefuata na kufika mahali ambapo mwenye unywele hajawahi kukanyaga.