Je, wajua? Ubongo huanza kujiandaa kabla hujajua umeamua

Ukiwa kwenye daladala iliyokwama kwenye foleni ya Ubungo, jaribu hili: laza mkono pajani, kisha kunja kiganja wakati wowote utakaojisikia, bila kupanga. Nani kaamua? Swali lenyewe linachekesha. Ni mimi, nani mwingine?

Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Benjamin Libet, alitoa matokeo yaliyoharibu urahisi wa jibu hilo. Yeye na wenzake kule San Francisco waliwabandika watu vipima umeme kichwani na mkononi, wakawaomba wafanye hicho hicho: kukunja kiganja pale watakapojisikia. Mbele yao ilikuwepo saa yenye nukta iliyomaliza duara kwa sekunde 2.56, na kila mmoja alitakiwa kukumbuka nukta ilikuwa wapi alipohisi kwa mara ya kwanza kwamba sasa anataka kukunja. Hamu hiyo ilihisiwa takriban sekunde 0.2 kabla ya mkono kusogea. Lakini umeme wa ubongo ulikuwa umeshaanza kupanda tangu sekunde 0.55 kabla. Kwa theluthi nzima ya sekunde, ubongo ulikuwa kazini na mwenyewe hana habari.

Mwaka 2008 kundi la John-Dylan Haynes, Ujerumani, likaongeza chumvi kwenye kidonda. Kwa mashine ya kupiga picha za ubongo, walibashiri mtu angebonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia sekunde kadhaa kabla hajajua mwenyewe. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba hiari, yaani uwezo wa mtu kujiamulia mwenyewe, imekufa. Havikusema kwa sauti hiyo hiyo kwamba ubashiri wenyewe ulipatia kama asilimia 60 tu, wakati kurusha sarafu kungekupa 50.

Mimi nadhani msiba huo ulitangazwa mapema. Libet mwenyewe hakuukubali: alisema mtu bado ana kipenyo cha mwisho cha kughairi kabla mkono haujasogea. Kisha mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake wakaja na maelezo mengine ya ule umeme. Ubongo hauko kimya hata siku moja; umeme wake hupanda na kushuka ovyo. Ukimwambia mtu akunje mkono bila sababu yoyote, huenda hukunja pale mpando wa bahati unapogusa kiwango fulani. Ukihesabu kurudi nyuma kuanzia mkono uliposogea, kila mara utaona mpando, na utadhani ni maandalizi ya siri. Na zaidi ya hapo, kukunja kiganja si kuposa, wala si kuhama Mbagala kwenda Bunju. Uamuzi wa namna hiyo huchukua miezi, na ndugu hukaa vikao.

Hoja nzito dhidi ya hiari haikutoka kwenye ubongo, ilitoka kwa njiwa. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, aliwafungia njiwa kwenye vijisanduku na kuwapa punje walipodonoa kitufe. Wale waliopewa punje baada ya midonoo isiyotabirika, mara miwili, mara arobaini, walidonoa kama wendawazimu, na hata punje zilipokatwa hawakuacha upesi. Sasa mtazame kijana wa Manzese anayebeti kwenye simu. Mkeka umechanika kwa mechi moja tu, anaapa mbele ya kijiwe kizima kwamba basi, na jioni anapanga mwingine. Vijiweni watasema hana msimamo. Skinner angeuliza alishinda lini mara ya mwisho, na baada ya kukosa mara ngapi. Kwake, tunachokiita uhuru ni jina tunaloipa tabia ambayo sababu zake hatujaziona. Aliliandika hilo waziwazi mwaka 1971.

Wazo hilo la Skinner si lile la "imeandikwa", ingawa watu huyachanganya. Anayesema imeandikwa anamaanisha litakufika ufanye usifanye. Skinner anasema kinyume: badilisha mazingira, na tabia itabadilika.

Carl Rogers, aliyejenga tiba ya mazungumzo inayomweka mgonjwa mwenyewe katikati, alibishana naye hadharani miaka ya 1950. Swali lake lilikuwa la mtu anayekaa na wagonjwa kila siku: nani atachagua mazingira hayo yabadilishwe kuelekea wapi, kama hakuna anayechagua? Na kabla yao mwanafalsafa na mwanasaikolojia William James, akiwa kwenye msongo mkubwa mwaka 1870, aliandika kwenye shajara yake kwamba tendo lake la kwanza la hiari litakuwa kuamini kwamba hiari ipo. Kama hoja, neno hilo halisimami sana, ila lilimsaidia kuinuka.

Mfano unaonishawishi zaidi uko hapa hapa mjini. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watumiaji wa heroini. Unga huisha mwilini kwa saa chache, kisha arosto inaingia: mifupa inauma, tumbo linakata, na mtu hawazi kingine ila kete inayofuata. Ukimwuliza wakati huo kama ana hiari, utapata jibu la arosto. Methadoni inashika sehemu zile zile za ubongo, lakini kipimo kimoja cha kunywa kinamtosha mchana na usiku. Arosto ikinyamaza, mtu anaanza kuwaza kodi ya chumba, kibarua, mtoto aliyemwacha kwa bibi. Kilichoingia mwilini ni kemikali, yaani sababu tupu ya kimwili, na matokeo yake ni mtu mwenye mambo mengi zaidi ya kuchagua kuliko jana. Basi hiari inaweza kupungua na kuongezeka, na vinavyoiongeza vinaweza kuchunguzwa maabara kama sababu nyingine yoyote.

Mfuasi wa Skinner hatakubali kushindwa hapo. Atasema hata kufika kliniki asubuhi ya kwanza kulikuwa na sababu: mama aliyechoka kulia, rafiki aliyezidisha dozi akafa, nauli iliyopatikana. Ni kweli, na ukimwuliza mgonjwa mwenyewe atakutajia zote hizo, kisha ataongeza kwamba siku ile aliamua.