Nyutroni: namba moja ya dozi haitoshi, tuonyesheni na spektra

Hizi siku ripoti zinaingia mingi ku biro yetu hapa Lubumbashi, za kompani za barabara zenye apareyi ya kupima maji mu udongo, za mine zinazoshusha chanzo cha nyutroni mu shimo, na karibu zote ziko sawa: namba moja ya dozi ya nyutroni (chembe zisizo na chaji zinazotoka mu kiini cha atomu), sinyatire ya shefu, basi. Hatusemi bantu banadanganya, tunajua banatumika na moyo. Lakini ile namba haituambie kitu kama hatujue nyutroni zenyewe ziko na nishati gani, ngapi kwa kila nishati: ile njo spektra.

Nyutroni ya haraka ya 1 MeV (eV milioni moja, eV ni kipimo cha nishati) inahesabiwa dozi karibu mara 40 ya ile ya polepole ya 0.025 eV. Chanzo cha amerisi-berili kinatoa za wastani wa 4 MeV hivi, zingine zinafika mpaka 11, lakini zikisha kupita mu plastiki, mu udongo wenye maji, zikigonga ukuta na sima, zinakufikia zimepungua nguvu. Sasa apareyi ilifanyiwa etalonaji (kulinganishwa na chanzo chenye nguvu inayojulikana) mbele ya chanzo kisicho na kitu kando yake, weye unaipeleka mu depo yenye beto kila upande, halafu unaandika dozi na desimali mbili. Desimali mbili za nini?

Na hii inarudi kila mara, acha tuseme wazi: Geiger ya kawaida (apareyi ya kuhesabu mionzi) haisikie nyutroni, ikinyamaza haiko ushahidi ya kitu. Risasi (plombi) inazuia mionzi ya gama, lakini nyutroni zinapunguzwa na maji, parafini, polietileni. Mawe ya urani ya mine ya Shinkolobwe, hatari yake ni vumbi, gesi ya radoni na gama, nyutroni zake ni kidogo sana, musitumie kipimo cha nyutroni kusema pale ni pasafi.

Njia inayotumika sana ni tufe za Bonner, zilitoka mu 1960. Kigunduzi kidogo cha heli-3 ao cha liti kinakaa katikati ya tufe ya polietileni, unabadilisha toka ndogo mpaka kubwa, ndogo zinashika nyutroni za polepole, kubwa za haraka. Hapa njo bantu banajichanganya sana: uko na hesabu kumi hivi za tufe lakini unatafuta makumi ya sehemu za spektra, hakuna jibu moja, programu ya kuhesabu spektra itakupa lile linalofanana na makisio uliyoingiza mwanzoni. Kwa hiyo makisio yatoke mu simulesheni ya pale pale, na kuta zake, haiko spektra ya mu kitabu. Badilisha makisio, rudia hesabu, na kama dozi inaruka, andika inaruka kiasi gani.

Mu fomu tunataka: umbali toka katikati ya chanzo mpaka katikati ya tufe (haiko ukingo!), urefu toka chini, kizingiti ulichoweka cha kutenga gama, tarehe ya etalonaji, na nguvu ya chanzo siku ile. Kalifoni-252 inapungua nusu mu miaka 2.65, namba ya sertifika ya zamani lazima irekebishwe. Amerisi-241 inachukua miaka 432, pale hakuna shida. Ukikagua apareyi, pima tufe bila kitu, kisha weka koni ya kivuli (inayozuia zile zinazokuja moja kwa moja) kati ya chanzo na tufe: kinachobaki ni cha kuta na hewa, unakitoa. Kwa dozi ya mutumishi usitoe, maana mutumishi anapigwa na zote, na kosa hili tunaliona hata kwa ba ingenieri wazuri.

Ripoti isiyo na hizi tunairudisha, tunafuata sheria ya kujikinga na mionzi namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Ikirudi tena vilevile, dosie inasimama, chanzo kinabaki mu depo chini ya muhuri, shantie inangoja, na kuja kulia na patro ku mlango hakufungue muhuri. Leteni kopi mbili pamoja na fishie ya hesabu za kila tufe, zile mbichi, zisizoguswa. Tunarudia hesabu sisi wenyewe mbele ya kusaini.