Leseni moja, mwendeshaji mmoja: udhibiti wa Bahati Nasibu ya Taifa ya Uingereza

Tangu nianze kushughulika na sheria za michezo ya kubahatisha, swali ninaloulizwa zaidi ni kwa nini kampuni za kubashiri matokeo ya michezo hupewa leseni kwa makumi, ilhali bahati nasibu ya taifa hukabidhiwa kampuni moja tu. Sababu kubwa ni kwamba zawadi kuu hukua pale fedha za wachezaji wote zinapoingia katika chungu kimoja. Lakini mwendeshaji asiye na mshindani hana soko la kumrudi akikosea, na mzigo huo humwangukia mdhibiti.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1993 imepanga wajibu wa mdhibiti kwa utaratibu ambao wengi huusoma haraka mno. Kwanza anatakiwa kuhakikisha kwamba bahati nasibu inaendeshwa kwa uadilifu na kwamba maslahi ya wachezaji yanalindwa. Ni baada ya kutimiza hayo ndipo ajitahidi kuongeza fedha zinazokwenda kwenye shughuli za manufaa ya umma. Kwa maoni yangu mpangilio huo ndio moyo wa sheria yenyewe, kwa kuwa mdhibiti anayetanguliza mapato huanza kumtazama mwendeshaji kama mbia wake.

Ushindani upo, ila huja mara moja tu, leseni inapokaribia kuisha, na hapo mdhibiti naye huwekwa kwenye mizani. Mwaka 2000 kampuni ya Camelot, iliyoendesha droo ya kwanza tarehe 19 Novemba 1994, iligombea leseni ya pili dhidi ya The People's Lottery ya mfanyabiashara Richard Branson. Tume ya Bahati Nasibu ya Taifa, iliyokuwa mdhibiti wakati huo, ilizikataa zabuni zote mbili, kisha ikaamua kuendelea na mazungumzo na The People's Lottery peke yake. Tume ilikuwa na hofu ya kweli, kwani GTECH, iliyoipatia Camelot mitambo, ilikuwa imeficha kasoro ya programu iliyofanya baadhi ya zawadi zilipwe kwa viwango visivyo sahihi. Hata hivyo, Mahakama Kuu iliamua mwezi Septemba kwamba kumfungia mlango mwombaji mmoja na kumpa mwenzake muda wa kurekebisha zabuni hakukuwa haki, na Desemba leseni ikarudi kwa Camelot. Hofu yenye msingi haikuuponya utaratibu mbovu. Leseni ya nne, ya miaka 10, ilikwenda kwa kampuni ya Allwyn, iliyoanza kazi tarehe 1 Februari 2024.

Katikati ya zabuni hizo ndipo kazi ngumu ilipo, nayo haionekani. Mwaka 2009 Camelot ililipa pauni milioni 2.5 kwa tiketi iliyokuwa imeharibiwa makusudi. Gambling Commission, tume ya michezo ya kubahatisha iliyorithi kazi ya mdhibiti, ilipochunguza ilikuta udhaifu katika ulinzi wa kanzidata na katika namna dai lilivyohakikiwa kabla ya malipo, na mwaka 2016 ikaitoza kampuni hiyo pauni milioni 3. Kati ya fedha hizo, milioni 2.5 zilipelekwa kwenye shughuli za manufaa ya umma, ambako zawadi isiyodaiwa ndani ya siku 180 ingekwenda tangu awali.